Mnada wa gemu zilizotumika ukiwa Mombasa: WhatsApp, Facebook na eBay vyapimwa

CD ya FIFA 21 haina haja ya mnada. Inamtaka mtu anayefungua banda la gemu Kisauni au Likoni, anayetafuta CD kumi kwa mpigo, mkaelewana bei kwa simu moja. Ukiipeleka mnadani itakaa siku saba, itapata dau moja la bei ya kuanzia, nawe umeshaahidi hadharani kwamba atakayeshinda ndiye mwenye mali. Kwa hivyo kabla ya kuuliza jukwaa gani ni bora, uliza kama gemu yenyewe inafaa kunadiwa. Mnada hupandisha bei pale wanapokutana watu wawili wanaokitaka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akitokea mmoja tu, bei ya kuanzia ndiyo bei ya mwisho.

Gemu za mpira hushuka thamani kwa kalenda. Toleo jipya hutoka karibu kila Septemba. FIFA 23 ya mwaka 2022 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa jina hilo, na tangu 2023 ni EA Sports FC. Mwenye FC ya msimu huu asiyekusudia kuicheza tena aiuze Juni au Julai, kwa bei iliyotajwa, kwenye tovuti ya Jiji au Facebook Marketplace. Ikifika Oktoba anauza plastiki. Hali ni hiyo hiyo kwa gemu yoyote inayotolewa katika orodha ya mwezi ya PlayStation Plus: siku ikitangazwa, nusu ya wanunuzi wako wameshaipata ndani ya malipo yao ya mwezi.

Zinazostahili mnada ni zile ambazo mtu hawezi kuzipata kwa kubonyeza tu. Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023, na Microsoft ikafunga la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Tangu hapo, gemu nyingi za mashine hizo hupatikana kwa kaseti au CD pekee, na bei ya zile nzuri haishuki kirahisi. Gemu halisi za PS2 (PlayStation 2) zenye kasha na kijitabu chake, hasa za kutisha na za Kijapani zilizochapishwa chache, kama Rule of Rose au Kuon, wakusanyaji huzigombania dunia nzima. Matoleo maalumu yenye kasha la chuma nayo yana watu wake. Na gemu kubwa za Nintendo Switch hushikilia bei kwa sababu Nintendo wenyewe ni wazito kupunguza.

Makapi, yaani zile CD nane au kumi ambazo hakuna anayezitaka moja moja, yafanye fungu. Lakini fungu lipangwe kwa aina: magari pamoja, ngumi pamoja, mpira pamoja. Kosa linaloonekana kila wiki kwenye vikundi ni kuitia gemu moja ya thamani katikati ya makapi tisa ukitumaini itayavuta. Haiyavuti. Mnunuzi anapiga hesabu ya ile moja, anatoa kidogo kwa usumbufu wa kubeba zingine, na wewe umepoteza pande zote mbili.

Kabla ya picha, hakikisha ni halisi

Hapa Pwani PS2 nyingi zilichipiwa, yaani zilitiwa chipu ya kuzifanya zisome nakala, na CD za kuchomwa, yaani nakala zilizorekodiwa kwa kompyuta, ziliuzwa waziwazi barabarani. Hizo hazinadiwi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza kuuza nakala zisizo halali, eBay huliondoa tangazo, na mkusanyaji wa kweli huzitambua kwa picha moja. Pindua CD. Ya PS2 iliyotolewa kama DVD ina mgongo wa fedha. Iliyotolewa kama CD ina mgongo wa buluu. Ya PlayStation ya kwanza ina mgongo mweusi. DVD ya kuchomwa mara nyingi ina rangi ya zambarau iliyofifia, na ukiitazama kwa mshazari utaona mstari pale data ilipoishia. Kwenye pete ya katikati, CD halisi ina maandishi madogo ya kiwandani na alama ya IFPI, inayotambulisha kiwanda. Pete ikiwa tupu, au ina jina la kampuni ya CD za kurekodia, usiendelee.

Kaseti za Game Boy Advance na DS, hasa Pokémon, zina bandia nyingi sana. Ya Advance iliyo halisi ina tarakimu mbili zilizogandamizwa juu ya lebo, huonekana ukiinamisha kwenye mwanga, na ukichungulia juu ya meno ya shaba utaona neno Nintendo kwenye bodi. Pokémon HeartGold na SoulSilver za DS zilizo halisi ni nyeusi, lakini ukiziweka mbele ya tochi kali ya simu zinapitisha wekundu. Bandia haipitishi kitu, au plastiki yake ni ya kijivu kabisa.

Kisha angalia kama ndani ya kasha kuna gemu kweli. CD ya Call of Duty: Modern Warfare II ya PS5, ya mwaka 2022, ilibeba takriban megabaiti 70 tu, zilizobaki hupakuliwa. Bado inauzika, kwa kuwa CD ndiyo ufunguo, lakini mnunuzi aambiwe kwamba atachoma bando la gigabaiti kwa makumi. Baadhi ya kaseti za Switch 2 nazo ni funguo tupu. Na kasha lenye msimbo wa karatasi ambao umeshatumika ni pambo tu. Usimuuzie mtu.

Mikwaruzo na hewa ya bahari

Hapa ndipo ugomvi mwingi wa baada ya mnada huzaliwa, kwa sababu wauzaji huandika "iko fiti" kwa kitu wasichokijua. CD zote hazifanani. Kwenye CD ya kawaida, kama za PlayStation ya kwanza, data iko chini tu ya lebo. Mkwaruzo wa upande wa picha ndio unaoua, si ule wa chini. Kwenye DVD, yaani PS2 nyingi, Xbox 360 na Wii, data imekaa katikati, chini ya milimita 0.6 ya plastiki, kwa hivyo mashine ya kusugulia inaweza kuondoa mkwaruzo mwepesi. Kwenye Blu-ray ya PS3, PS4 na PS5, data iko milimita 0.1 tu kutoka uso, ikilindwa na utando mgumu. Ukiisugua unauondoa utando, na ile milimita 0.1 haina cha kupunguza. Blu-ray ikishachimbika imekwisha, inadiwe kama kasha tupu. Dawa ya meno iache bafuni.

CD ya Xbox 360 yenye duara kamili, kama imechorwa kwa bikari, ilisogezewa mashine ikiwa inazunguka. Mara nyingi haisomi. Na ufa wa nywele kwenye tundu la katikati hutokea mtu anapoing'oa CD kwa kuikunja badala ya kubonya kitovu cha kasha. Ufa huo huongezeka mashine ikizunguka, na lazima utajwe hata kama gemu inacheza leo.

Kusafisha ni maji, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini cha kufutia miwani. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kamwe usizungushe, kwa sababu mkwaruzo wa mzunguko unafuata njia ya data na leza haiwezi kuuruka. Meno ya kaseti yasafishwe kwa kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa inafaa pia, ila iache ikauke kabisa kabla ya kujaribu. Usiilambe kaseti ya Switch kuondoa vumbi: Nintendo waliipaka kemikali chungu makusudi ili watoto wasiimeze.

Mombasa ina tatizo lake ambalo wanunuzi wa Nairobi hawalijui. Unyevu na chumvi vya Mji wa Kale, Likoni au Nyali huacha ukungu kwenye karatasi ya jalada, hugandisha kijitabu na plastiki, na hutia kutu meno ya kaseti na pini za kijitabu. Ukungu ukionekana kama vidoa vya kahawia pembeni mwa jalada, piga picha ya karibu na uuandike. Harufu haipigwi picha, kwa hivyo itaje. Stoo ya gemu za kunadi iwe sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana, ndani yake vile vijifuko vya silika vinavyokuja na viatu, mbali na ukuta wa nje. Mende nao hupenda joto la makasha yaliyorundikwa karibu na televisheni. Fungua kila moja kabla ya kuuza.

Kujaribu kuwe kujaribu. Kwa PS4, futa gemu kwenye mashine, ingiza CD, zima intaneti, na uiache isakinishe mpaka asilimia 100. CD mbovu hukwama njiani, mara nyingi mahali pale pale. Kuwasha tu na kuona picha ya kwanza hakuthibitishi kitu, maana mashine inaweza kuwa inasoma kilichosakinishwa zamani. Kwa PS2, endesha mpaka video ya kwanza na uingie hatua moja ya mchezo. Video ndiyo hukatika mwanzo.

Sehemu ya dunia inayosomeka

PS2 na PS1 zimefungwa kwa eneo. Msimbo ulio ubavuni mwa kasha husema: SLES na SCES ni Ulaya, SLUS na SCUS ni Marekani, SLPS na SLPM ni Japani. Gemu nyingi zilizofika hapa na mitumba ya Uingereza ni za Ulaya, na mnunuzi wa Chicago hataweza kuzicheza kwenye PS2 yake ya kawaida. Mshindanishe Mwingereza na Mjerumani, si Mmarekani. 3DS imefungwa pia. PS4, PS5 na Switch zinacheza popote, isipokuwa vya kuongezea vinavyonunuliwa mtandaoni lazima vilingane na eneo la CD. Andika msimbo huo kwenye tangazo. Anayejua atautafuta, na asiyejua hatakurudishia mali kwa kisingizio hicho.

Vikundi vya WhatsApp

Kwa gemu za thamani ya kawaida, hii ndiyo njia yenye kasi kuliko zote kwa muuzaji wa Mombasa. Hakuna ada, pesa huingia usiku huo huo, mali huchukuliwa kesho yake kwa tuktuk. Kikundi kinaweza kubeba watu 1,024, ingawa wenye kutaja dau huwa wachache wale wale. Udhaifu wake ni kwamba kanuni zote anazishika admini kichwani, na ujumbe wa WhatsApp unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15. Mtu anataja 2,500, akiona hakuna mwenzake anaigeuza 1,500. Dawa ni admini au muuzaji kuandika upya kila dau jipya linapoingia: "Sasa ni 2,500, namba inayoishia 41." Hapo hakuna cha kubishania.

Tangazo la mnada wa kikundi liwe na vitu hivi bila kukosa, na lisiwe refu zaidi ya hivi:

"MNADA. God of War Ragnarök, PS5, CD na kasha, ya Ulaya. Mkwaruzo mmoja mwepesi, picha ya nne. Imesakinishwa mpaka mwisho leo. Inaanzia 1,500, kila dau lipande 100. Mwisho Jumapili saa tatu na nusu usiku. Dau likija dakika tano za mwisho, tunaongeza dakika tano. Malipo kabla ya saa tatu asubuhi, la sivyo anapewa wa pili. Kuchukua Mwembe Tayari."

Ile kanuni ya kuongeza dakika tano ndiyo inayozuia mtu kujificha hadi sekunde ya mwisho. Bila hiyo, bei ya kikundi haifiki inapostahili kufika. Na kile kipengele cha wa pili kinakuokoa na vijana wanaotaja dau kwa ushabiki kisha simu haipokelewi. Muulize wa pili kwa heshima, "Ndugu, wa kwanza amekwama, bado unaitaka kwa bei yako ya mwisho?" wala usimlazimishe bei ya aliyeshinda.

Muda una uzito. Mwisho wa mwezi, kuanzia tarehe 28 hadi 5, pesa iko. Tarehe 20 kikundi kizima kinaandika "naweka jicho". Saa tatu hadi nne usiku watu wametoka Isha, wamekula, wako na simu. Ijumaa adhuhuri usifunge mnada. Mwezi wa Ramadhani sogeza mwisho baada ya tarawehe, saa tano usiku. Watu wako macho mpaka karibu na daku, na madau huwa mengi kuliko miezi mingine ya kawaida.

Picha utume kwa ubora wa HD au kama faili, kwa sababu picha ya kawaida ya WhatsApp inabanwa mpaka mkwaruzo unapotea, halafu mnunuzi anasema umemficha. Saa nne asubuhi, barazani, kivulini. Jalada mbele, nyuma na ubavuni, CD juu, CD chini ukiwa umeiinamisha ili mwanga uteleze juu yake, pete ya katikati, kijitabu kikiwa wazi. Saba zinatosha. Picha ya kupakua mtandaoni inakuondolea nusu ya madau.

Rafiki yako asitaje dau kwa ajili yako. Mbali na aibu ukibambwa, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, humkataza muuzaji kujinadia mwenyewe au kupitia mtu bila kuwatangazia wanunuzi kwamba ana haki hiyo. Ukiogopa bei ya chini, weka bei ya kuanzia ile unayoweza kulala nayo usingizi.

Facebook

Minada ya kwenye maoni ya vikundi vya Facebook inafika mbali zaidi, mpaka Nairobi na Kampala, na historia ya maoni yaliyohaririwa inaonekana kwa yeyote. Hapo imeishinda WhatsApp. Lakini ukurasa wenyewe hupanga maoni kwa "yanayofaa zaidi", si kwa wakati, hivyo mtu anataja dau la chini akidhani ndilo la juu. Andika kwenye tangazo: geuza uone maoni yote. Pia washiriki wengi hawaoni tangazo lako mpaka siku ya tatu, maana halifuati saa. Mnada wa muda wa saa sita tu, unaofaa WhatsApp, hapa ni bure. Weka siku tatu au nne.

Marketplace yake si mnada, wala Jiji si mnada. Vitumie kwa gemu za bei ya kujulikana na kwa kuchungulia soko. Ila kumbuka bei inayoonekana pale ni bei inayoombwa. Gemu iliyokaa miezi miwili kwa 3,500 inakuambia kwamba haiuziki kwa 3,500.

eBay

Kwa gemu adimu, hakuna mshindani wake. Sababu si teknolojia bali idadi ya wenye kutaka: yule mtu wa pili anayehitajika ili bei ipande yuko huko, Manchester au Osaka, na wala hayumo kwenye kikundi cha Bamburi. Hata usipouza pale, kipimo cha bei ni chake. Tafuta gemu yako, chagua zilizouzwa, na utaona bei halisi za siku 90 zilizopita. Chukua tano za hali kama yako, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, na za katikati ndizo dunia yako.

Mfumo wake wa dau ni wa kujiendesha: mnunuzi anaweka kikomo chake kwa siri, na eBay inampandishia hatua kwa hatua mpaka awashinde wengine. Ndiyo maana bei ya chini ya kuanzia haitishi kwa gemu inayotakwa na wengi. Huvuta watazamaji na kikomo cha wawili hufanya kazi. Kwa gemu inayotakwa na mmoja, bei ya chini ni msiba. Muda haurefushwi mwishoni, kwa hivyo wakongwe hutaja dau sekunde tano kabla. Usishtuke bei ikiwa imelala mpaka dakika ya mwisho.

Mnada wa siku saba unaisha saa ile ile ulipoanza, kwa hivyo saa ya kuanza ndiyo uamuzi wenyewe. Ukiwalenga Waingereza Jumapili saa mbili usiku wao, kwetu ni saa nne usiku majira yao ya kiangazi na saa tano usiku majira yao ya baridi. Ukiwalenga watu wa New York saa tatu usiku wao wa Jumapili, kwetu ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu, au kumi na moja wakati wa baridi. Tumia kipengele cha eBay cha kupanga saa ya kuanza, usikeshe.

Kichwa cha tangazo kina nafasi ya herufi 80. Ziweke kwenye jina kamili, mashine, eneo, kama kijitabu kipo, na msimbo wa ubavuni. Maneno kama "ajabu" na "tazama" hakuna anayeyatafuta.

Kasoro zake ni pesa na muda. Kwenye eBay ya Marekani ada ya mwisho kwa gemu ni zaidi kidogo ya asilimia 13, na hukatwa kwenye jumla yote, nauli ya posta ikiwemo. Gemu ikienda dola 40 na nauli dola 15, unakatwa zaidi ya dola 7, kabla ya gharama za kuleta pesa nyumbani. Muuzaji mpya pia huzuiliwa pesa zake kwa muda mpaka awe na historia, na huwekewa kikomo cha idadi ya kuuza. Anayeshinda ana siku nne za kulipa. Zikipita, futa na umpe wa pili. Na kuandika "hakuna kurudisha" hakukulindi: mnunuzi ana siku 30 tangu mzigo ulipofika au ulipotarajiwa kufika kudai kwamba kitu si kama kilivyoelezwa, na kinachokuokoa ni ile picha ya mkwaruzo.

Familia nyingi hapa zina ndugu Uingereza, na kwa gemu za Ulaya hiyo ndiyo njia iliyo safi zaidi. Tangu Oktoba 2024 eBay ya huko haiwatozi wauzaji binafsi wa huko ada ya mauzo. Tangu Februari 2025 mnunuzi ndiye anayelipa ada ya ulinzi. Tuma gemu kumi mara moja na msafiri unayemwamini, shangazi au binamu azinadi moja moja, na mgawane kwa asilimia mliyoandikiana kabla ya mzigo kuondoka. Kuandikiana huko kusichukuliwe kama dharau.

Marekani imekuwa ngumu. Tarehe 29 Agosti 2025 iliondoa msamaha wa ushuru uliokuwa unafunika vifurushi visivyozidi dola 800, kwa hivyo mnunuzi wa huko anahesabu ushuru ndani ya dau lake. Kwa gemu ya dola 25 haistahili jasho.

Kupokea pesa na kufunga mzigo

Kwa minada ya hapa, M-Pesa. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina MPESA, si namba ya mtu, na hata ukionekana sawa, angalia salio kwa programu au *334# kabla ya kutoa CD mkononi. Utapeli unaouma zaidi ni wa kurudisha: mnunuzi analipa kweli, anachukua, kisha anapeleka ujumbe wa muamala kwa namba 456 ya Safaricom akidai alikosea namba. Pochi la Biashara, akaunti ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, inapunguza hatari hiyo, kwa sababu pesa iliyoingia humo hairudishwi bila idhini yako. Hifadhi picha ya mazungumzo ya mnada yenye jina la gemu na kiasi. Kukutana kuwe mahali penye watu, na penye mashine ya kujaribia ni bora zaidi: mwenye banda la gemu atakubali kwa shilingi hamsini.

CD hukatika njiani kwa sababu ndogo: inachomoka kwenye kitovu cha kasha na kugongagonga ndani. Kunja karatasi laini ya tishu mara mbili, iweke juu ya CD, funga kasha, haitachomoka. Kisha nailoni yenye vipovu vya hewa mizunguko miwili, vipande viwili vya katoni ngumu mbele na nyuma, bahasha ya khaki. Selotepu isiguse karatasi ya jalada wala plastiki ya kasha moja kwa moja, maana gundi katika joto letu huyeyuka na kubaki. Kibandiko cha bei ya zamani hutoka kwa hewa moto ya mashine ya nywele, si kwa ukucha.

Nairobi, mabasi ya Mwembe Tayari hupokea vifurushi jioni na vinafika alfajiri. Daka risiti, mpigie mnunuzi picha yake. Ng'ambo, Posta ya Digo Road, kwa njia yenye namba ya kufuatilia, hata ikiongeza gharama, kwa kuwa bila namba hiyo kila mzozo wa "sijapokea" utaangukia upande wa mnunuzi. Pakiti ndogo mwisho wake kilo 2. Gemu moja ya PS4 iliyofungwa vizuri haifiki robo kilo. Kwenye fomu ya forodha CN22 andika "gemu ya video iliyotumika, CD moja", msimbo 8523.49, na bei iliyouzwa kweli. Wanunuzi watakuomba uandike zawadi, dola tano. Kataa: kifurushi kikipotea, fidia haitazidi hizo dola tano.